Mtoto njiti achanjwe lini? Hesabu tangu siku aliyozaliwa

SWALI: Daktari, shikamoo. Nilijifungua mtoto wa kiume mimba ikiwa na wiki 30, akiwa na kilo 1.3. Tulikaa wodini wiki 6, nikambeba kangaruu, kifuani ngozi kwa ngozi, mpaka akafika kilo 1.7, ndipo tukaruhusiwa. Sasa ana wiki 10 na juzi mizani imesoma kilo 2.4. Hajapata chanjo hata moja. Wodini waliniambia ya kifua kikuu nitaipata kliniki. Kliniki, nesi mmoja akasema bado mdogo, nirudi akifika kilo 2.5. Mwingine akasema nihesabu kuanzia tarehe niliyotarajiwa kujifungua, na mimi nikaona ni kweli, kwa sababu hata daktari wa wodini aliniambia ukuaji wake nihesabu hivyo. Mama mkwe hataki achomwe kabisa. Anasema mtoto wa jirani alichomwa mchana, usiku akakata pumzi. Kinachonitisha ni kwamba mwanangu naye wodini alikuwa akisahau kupumua, akapewa dawa, ikasimamishwa kabla hatujatoka. Naomba unieleze tuanze lini na tuanze na ipi. Je, inawezekana akapewa nusu dozi kwa sababu ni mdogo? Na siku hiyo naruhusiwa kumwogesha?

JIBU: Marahaba, mama, na hongera. Kumtoa mtoto kilo 1.3 mpaka 2.4 kwa maziwa yako na joto la kifua chako si kazi ndogo.

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Mpeleke wiki hii. Kwa upande wa chanjo mwanao ana wiki 10 kamili, wala hatupunguzi hata siku moja. Hahitaji kungoja gramu 100 zilizobaki kufika kilo 2.5. Apewe dozi nzima, si nusu. Hofu ya mama mkwe kuhusu pumzi si uzushi mtupu, ina mahali inapotoka, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu naona ndiyo inayowazuia kuliko hilo la kilo.

Kwanza tuuondoe mkanganyiko wa umri. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 tunamwekea umri wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kawaida, tangu siku aliyotoka tumboni. Wa pili tunaupata kwa kutoa zile wiki alizowahi. Mwanao aliwahi kwa wiki 10, kwa hiyo kwa hesabu ya pili ni kama amezaliwa leo asubuhi. Hesabu hiyo tunaitumia kwa mambo yanayotegemea kukomaa kwa ubongo na misuli, kama kukaza shingo, kukaa, kutambaa na kutembea. Akifika miezi 6 usimlinganishe na mtoto wa jirani wa miezi 6, mlinganishe na wa karibu miezi 4, na uendelee hivyo mpaka akaribie miaka 2. Daktari wa wodini alikueleza sawa kabisa. Tatizo ni kwamba watu huichukua hesabu hiyo wakaipeleka na kwenye kadi ya chanjo, ambako haina kazi.

Haina kazi kwa sababu kinga ya mtoto haingoji tarehe ya makadirio. Akishatoka tu, ngozi, pua na utumbo wake vinakutana na vijidudu, na seli za kinga zinaanza kujifunza tangu hapo, awe amezaliwa na wiki 30 au 40. Njiti akichanjwa wiki 6 baada ya kuzaliwa, mwili wake unaitikia. Ni kweli kwamba kwa baadhi ya chanjo kiwango cha kinga anachotengeneza huwa chini kidogo ya cha mtoto aliyetimiza miezi, hasa kwa wale waliozaliwa wadogo sana. Lakini wengi wao hufika kiwango kinachokinga, na ndiyo sababu mojawapo ya kurudia dozi mara tatu badala ya kutoa moja. Shirika la Afya Duniani na mipango ya chanjo ya nchi nyingi, tajiri na maskini, wanasema jambo moja hapa: njiti achanjwe kwa umri wa kuzaliwa, kwa ratiba ileile ya wenzake.

Kuna upande wa pili ambao naona mama wengi hawaambiwi. Kinga ya kwanza ya mtoto haitoki kwenye sindano, inatoka kwako. Kingamwili zako zinapita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwenye damu yake, lakini hazipiti kwa kiwango kimoja miezi yote tisa. Kabla ya wiki ya 28 zinazopita ni chache. Kufika wiki ya 32 mtoto huwa na karibu nusu ya kiwango cha mama yake. Sehemu kubwa inavuka katika wiki za mwisho kabisa, kiasi kwamba mtoto aliyetimiza miezi anaweza kuzaliwa akiwa nazo nyingi kumzidi mama. Mwanao aliondoka katikati, kama msafiri aliyepanda basi kabla mama hajamaliza kumfungia masurufu. Kichache alichopewa nacho kinapungua kila wiki inayopita. Maziwa yako yanamsaidia sana, hasa tumboni na kooni, ila kingamwili za maziwa haziingii kwenye damu yake kwa kiasi cha kuziba pengo hilo.

Kwa hiyo anayeambiwa asubiri kwa sababu ni mdogo ndiye hasa asiyestahili kusubiri. Kifaduro, nimonia na kuhara kwa virusi vya rota vyote vinampiga njiti vibaya kuliko mtoto mwingine. Mapafu yake ni machanga, njia zake za hewa ni nyembamba, na akiba ya mwili ni ndogo.

Sasa hizo kilo 2.5. Ninaijua kauli hiyo, imezunguka kwenye kliniki zetu miaka mingi. Kwa chanjo za wiki ya 6, yaani penta (ya magonjwa matano), PCV (ya nimonia), polio na rota, hakuna kiwango cha uzito kinachotakiwa popote, ilimradi mtoto yuko imara. Mjadala uliokuwapo ulihusu BCG, ya kifua kikuu, ambayo kwa kawaida hutolewa mara tu mtoto akizaliwa. Watu walihofia kwamba mwili mdogo hautaimudu chanjo yenye bakteria hai. Lakini huko Guinea-Bissau watafiti waliwachanja watoto wenye uzito pungufu mapema, bila kungoja wanenepe, wakawalinganisha na waliosubirishwa. Waliochanjwa mapema hawakudhurika, tena vifo vya mwezi wa kwanza vilipungua kwa zaidi ya theluthi matokeo yao yalipojumlishwa. Tangu 2018 msimamo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba njiti aliyepita wiki 31 za mimba, na aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, kama afya yake imetulia apewe BCG anapozaliwa, au akichelewa sana siku anayoruhusiwa kwenda nyumbani. Mwanao alizaliwa na wiki 30, kwa hiyo siku ile ya kwanza kusubiri kulikuwa na maana. Leo ametimiza 40. Hoja hiyo imekwisha.

Nikuambie na jambo ambalo pengine nesi hakulitamka. Mara nyingi kinachomrudisha mama na mtoto wake si uzito, ni chupa. Chupa moja ya BCG inatosha watoto 20, na ikishachanganywa na maji yake lazima itumike ndani ya saa 6, inayobaki inamwagwa. Kituo kidogo chenye watoto wawili asubuhi hiyo kinaona uchungu kuifungua, kwa hiyo hupanga siku moja ya wiki, au mbili. Mama akifika siku nyingine anaambiwa arudi, na ile sababu ya udogo wa mtoto inakuwa rahisi kusema. Uliza swali moja tu: "BCG mnafungua siku gani?" Usitoke hapo bila kuambiwa siku. Kama ni wiki ijayo, penta na nyingine zisiingojee, achanjwe hizo leo.

Kuna wenzangu wanaosema ngozi ya njiti ni nyembamba mno na BCG inataka mkono mzoefu, kwa sababu inaingizwa ndani ya ngozi yenyewe, si chini yake. Hilo nakubaliana nalo. Ikiingia sawa, utaona kiuvimbe kidogo cheupe kimesimama palepale kama kipele cha mbu, chenye vitundu vya vinyweleo. Ikizama chini zaidi, jipu linaweza kuwa kubwa baadaye. Lakini hiyo ni sababu ya kumtafuta nesi mwenye mkono mzuri. Kumsubirisha mtoto wa kilo 2.4 hakusaidii kitu.

Kuhusu nusu dozi, jibu ni hapana, na sababu yake inafaa uijue ili asije mtu akakushawishi. Dawa nyingi, kama za homa au za maambukizi, tunapima kwa kilo kwa sababu zinatakiwa zienee kwenye damu kwa kiwango fulani. Chanjo haifanyi kazi kwa kuenea. Inaamsha seli za kinga pale ilipodungwa, nazo zinabeba taarifa kwenda kwenye tezi na kufundisha nyingine. Ndiyo maana mtoto wa kilo 2 na wa kilo 8 wote wanapata nusu mililita ileile ya penta. Ilishajaribiwa kuwapa njiti nusu dozi: kinga iliyopatikana ilikuwa hafifu. Mwili ambao tayari unaitikia kwa unyonge kidogo, ukiupunguzia na dozi, umemchoma mtoto bure, maana dozi pungufu haihesabiwi na itabidi irudiwe.

Sasa tuje kwenye pumzi.

Kukata pumzi baada ya chanjo kupo. Sitakuficha, kwa sababu ukiambiwa hakipo halafu ukakisikia kwa mtu mwingine, hutaniamini na kwenye mengine. Sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua kwa njiti bado ni changa. Kitu chochote kinachoutikisa mwili kinaweza kuifanya isahau kwa sekunde kadhaa: baridi, maambukizi, homa, maumivu, hata kunyonya akiwa amechoka. Chanjo nayo huleta homa na msisimko wa kinga kwa siku moja au mbili, kwa hiyo kwa baadhi ya njiti vipindi vya kusahau kupumua, au mapigo ya moyo kushuka, hurudi ndani ya saa 48 hadi 72 baada ya kuchomwa. Wanaopatwa hasa ni waliozaliwa na wiki 28 au chini, ambao bado wako wodini na wakati huo wana kilo chini ya 2. Mwenye hatari kubwa zaidi ni yule aliyekuwa na vipindi hivyo katika saa 24 kabla ya sindano. Mara nyingi kinaisha kwa kumgusa au kumkuna unyayo, wakati mwingine kwa oksijeni. Hata hao hatuwaachi bila chanjo. Tunawachanja wakiwa bado wodini, wameunganishwa na mashine ya kuangalia mapigo na oksijeni kwa siku mbili tatu. Na kama ilitokea kwenye dozi ya kwanza, ya pili nayo inatolewa hospitali.

Mpime mwanao kwa vigezo hivyo. Alizaliwa na wiki 30. Dawa aliyopewa, kwa kawaida huwa aminofilini au kafeini, ni ya kuuchangamsha ubongo ukumbuke kupumua, na ilisimamishwa kabla hamjatoka, maana yake amekaa wiki 4 na zaidi anapumua mwenyewe bila kusaidiwa. Ubongo wake sasa una ukomavu wa mtoto aliyetimiza miezi. Swali lililobaki ni lako wewe unayelala naye: tangu mmefika nyumbani, amewahi kusimama kupumua, kubadilika rangi midomoni, au kulegea ghafla? Kama hapana, achanjwe kliniki ya kawaida kama watoto wengine. Mpeleke asubuhi na mapema, ili zile saa za kwanza umwangalie mchana. Kama ndiyo, hata mara moja tu, usiende zahanati. Rudi hospitali yenye wodi ya watoto wachanga, waeleze, wamchanje wakiwa wanamwangalia. Vivyo hivyo kwa njiti anayetumia oksijeni nyumbani.

Kuhusu mtoto wa jirani, siwezi kumpima kwa masimulizi. Ninachoweza kusema ni kwamba mtoto mdogo akikata pumzi usiku, maambukizi ya damu na nimonia ni lazima yatafutwe, na chanjo ya mchana isiyafunike. Na mzazi akiona jambo zito baada ya chanjo, arudi kituoni aliseme liandikwe. Kuna utaratibu wa kufuatilia matukio hayo kila wilaya. Mwambie mama mkwe pia kitu hiki, kwa heshima zote: kifaduro kwa mtoto mdogo namna hii mara nyingi hakimfanyi akohoe kwa ule mlio wanaoujua wazee. Kinachoonekana kwanza, wakati mwingine ndicho pekee, ni mtoto kuacha kupumua. Anachokiogopa kwenye sindano ndicho ugonjwa wenyewe unachokifanya, tena kwa wiki nzima na zaidi. Kama anaweza kutembea, nenda naye kliniki. Bibi akisikia kwa masikio yake anakuwa mlinzi wa ratiba kuliko hata baba.

Ukifika, mambo yatakwenda hivi. Kwa umri wake atapata BCG kama chupa imefunguliwa, kwa Tanzania kwenye bega la kulia (Kenya huchoma mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, usishangae kama una ndugu huko). Atapata penta paja moja. Hiyo ni sindano moja yenye kinga ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina B, na bakteria wa hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. PCV, ya nimonia, itaingia paja la pili. Kisha matone ya polio na matone ya rota mdomoni. Yale matone ya polio ya siku ya kuzaliwa hayafidiwi, mwisho wake ni siku 14, na hakuna hasara kubwa kwa sababu dozi zinazofuata zipo.

Zote siku moja? Ndiyo. Mama wengi wanaomba zigawanywe, na naelewa kwa nini ukitazama lile paja lilivyo jembamba. Lakini kugawa kunamwongezea mtoto safari, foleni ya watu wanaokohoa, na wiki nyingine bila kinga. Nesi mzoefu hukusanya nyama ya paja kwa vidole viwili kabla ya kudunga ili sindano isifike mbali. Mwombe aanze na matone, sindano ziwe za mwisho, nawe umshikilie kifuani, ngozi kwa ngozi kama ulivyokuwa ukifanya wodini, ukimnyonyesha kabla na wakati wa kuchomwa. Inapunguza maumivu kweli, si maneno ya kukufariji. Baada ya hapo kaeni kituoni nusu saa.

Rota ina la ziada. Virusi vyake ni hai na vimedhoofishwa, na hutoka kwenye choo cha mtoto kwa siku kadhaa. Ndiyo maana wodi nyingi za njiti hazipendi kuitoa ndani, wanahofia watoto walio hoi. Kwako nyumbani inatosha kunawa mikono kwa sabuni kila unapobadilisha nepi. Ila wiki moja baada ya rota, akilia kwa vipindi kama anayekatwa tumbo, akatapika mfululizo, au ukaona damu kwenye choo, nenda hospitali saa hiyohiyo. Ni nadra sana, lakini utumbo unaweza kujiingiza ndani yake, na hilo halisubiri asubuhi.

Homa baada ya penta kwa kawaida huanza ndani ya saa 24 na kuisha ndani ya siku mbili. Usimpe panadoli kabla ya sindano, inaweza kupunguza kinga inayotengenezwa. Akipata joto baadaye, mwombe nesi akuandikie dozi kwa mililita kulingana na kilo zake, na upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko. Dawa ya maji ya kawaida ina miligramu 120 kwenye mililita 5. Kijiko kimoja cha chai kwa mtoto wa kilo 2.4 ni zaidi ya mara tatu ya dozi yake kubwa kabisa. Nimeona watoto wakiletwa kwa kijiko hicho.

Na hapa njiti ana tofauti na wengine: mtoto mdogo sana anapougua anaweza kupoa badala ya kuchemka. Kwa hiyo usiangalie joto pekee. Mpeleke hospitali, usiku au mchana, kama anakataa kunyonya au ananyonya kwa kulegea, kama joto limevuka 38 au halishuki baada ya siku ya pili, kama ni wa baridi chini ya 35.5 hata baada ya kumbeba kifuani, kama anapumua haraka na mbavu zinaingia ndani, anaguna kila akitoa pumzi, midomo inakuwa ya bluu, au anapata degedege. Akisimama kupumua mbele ya macho yako, msugue mgongo na unyayo kwa nguvu kiasi, mwite jina, na muwe njiani kwenda hospitali hata kama ameanza kupumua tena.

Begani patakuwa na historia yake. Baada ya wiki 2 hadi 6 kitatokea kipele, kitatunga usaha, kitapasuka na kukauka polepole, kibaki kovu. Usikikamue, usipake dawa ya meno wala kitunguu, acha wazi. Ukiona tezi ya kwapani imevimba na inazidi kukua, ionyeshe. Na kovu lisipotokea, haina maana kwamba chanjo haikushika, hachomwi tena.

Zipo sababu za kweli za kusimama kidogo, na ni chache. Mtoto akiwa mgonjwa siku hiyo, ana homa, hanyonyi, anahema, atibiwe kwanza. Kama nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu au anayekohoa zaidi ya wiki mbili, mwambie nesi kabla ya BCG, kwa sababu mtoto huyo anachunguzwa na pengine anaanzishiwa dawa za kinga, BCG inakuja baadaye. Kama wewe unaishi na VVU, ulizia kipimo cha mtoto cha wiki ya 6. Asiye na dalili hasubirishwi kwa sababu ya majibu kuchelewa, lakini aliyethibitika ana maambukizi huanza dawa kwanza, BCG hufuata akiwa imara. Na kama ulipopimwa ujauzito uliambiwa una homa ya ini aina B, usingoje hata kesho. Mtoto huyo alistahili sindano ya homa ya ini ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kwa hiyo daktari amwone na kupanga vipimo.

Mafua mepesi, manjano yaliyokwisha, antibiotiki alizomaliza wodini na damu aliyoongezewa havizuii chanjo hizi za sasa hata kidogo.

Mkishaanza, rudini baada ya wiki 4, kisha wiki nyingine 4. Polio ya sindano inaingia kuanzia wiki ya 14, kwa hiyo nesi ataipanga kwenye mojawapo ya safari hizo. Ukikwama ukachelewa, mnaendelea mlipoishia, hamrudii mwanzo. Surua-rubela ni miezi 9 kisha 18, na miezi hiyo nayo hesabu tangu siku aliyozaliwa. Kinga ya surua uliyompa wewe ilikuwa ndogo tangu mwanzo, itakwisha mapema, kwa hiyo usikubali mtu akuambie miezi 9 yake bado. Mwombe nesi aandike juu ya kadi, kwa wino unaoonekana, "wiki 30, kilo 1.3", ili kila atakayemshika ajue ana mtoto wa namna gani. Wageni wanaokohoa wamsalimie kutoka mlangoni, hata akiwa shangazi.

Kumwogesha unaruhusiwa. Maji ya vuguvugu, chumbani pasipo na upepo, haraka haraka, umkaushe kichwa kwanza, umvike kofia na umrudishe kifuani. Kwenye bega na mapaja pitisha maji tu, usisugue wala usikande kwa maji ya moto. Kama siku hiyo kuna baridi, au ameshachoka na safari, mfute kwa kitambaa na mwogeshe kesho.